Gauni Lililoliwa na Mashine

Mkasi hakuwa mtu wa kujishusha. Kazi yake aliijua, na alijua kwamba anaijua, na wenzake pale kituo cha televisheni walishamzoea. Ukimuuliza kama kipindi kitawahi, hakukujibu kwamba atajitahidi. Alikujibu, "Kilishakuwa tayari, wewe ndiye umechelewa kuuliza."

Jina hilo alilipata mara mbili. Kwanza alilipata nyumbani, kwa kuwa mama yake alikuwa fundi cherehani, naye alikulia chini ya meza ya kukatia nguo akichezea vitambaa vilivyoanguka. Mara ya pili alilipata kazini, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukata na kuunga filamu za habari. Mtu mwenye hotuba ndefu alitoka mikononi mwa Mkasi na sentensi mbili tu, na zote mbili zilikuwa na maana, jambo ambalo pengine mwenye hotuba mwenyewe hakulitarajia.

Siku zile ndiyo kwanza nyimbo zilikuwa zimeanza kuvalishwa picha. Zamani mwimbaji alisimama mbele ya kamera, akaimba, akainama, akaenda zake. Sasa umeingia mtindo wa kutengeneza filamu fupi ya wimbo mmoja, na kila mtu kituoni alikuwa na maoni juu yake, hasa wale ambao hawakuwahi kutengeneza hata moja. Mkuu wa vipindi, ambaye wote walimwita Bosi, alikuwa na sheria yake: picha iufuate wimbo. Wimbo ukitaja mvua, aone mvua. Ukitaja machozi, aone machozi, na ikiwezekana na leso.

Mkasi aliona huko ni kuvaa kofia juu ya kofia.

"Wimbo umeshasema mvua, Bosi. Watu wana masikio. Ya nini niwaambie tena kwa macho?"

"Sasa wewe utawaonyesha nini?"

"Kingine."

Hakuwa anabahatisha. Utotoni alimshonea mwanasesere wake nguo kwa mabaki ya mezani: bega la maua, bega la mistari, tumbo la sare ya shule, pindo la pazia la mtu. Kila kipande kilikuwa kimetoka kwenye maisha ya mtu mwingine, na vyote pamoja vilimpendeza mwanasesere kuliko nguo ya kitambaa kimoja. Huku kituoni nako makabati yalijaa filamu zilizolala miaka na miaka: matangazo ya sabuni, treni, ndondi, watu wazima wakicheza dansi kwa adabu, viongozi wakikata utepe. Wenzake waliziona takataka. Yeye alikuwa akizifungua wakati wa chakula cha mchana na kuzitazama moja moja, huku mkate ukimkaukia mkononi.

Basi nafasi ikaja. Kulikuwa na mwimbaji ambaye wimbo wake redio iliupiga asubuhi na jioni, na Bosi akakubali utengenezewe picha kwa ajili ya kipindi cha Jumamosi. Mwimbaji huyo alikuwa wifi yake Mkasi, mke wa kaka yake, lakini asije mtu akasema kazi ilitolewa kwa undugu. Mkasi alipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Na hapo kwa wifi ndipo penye kisa.

Mama yake Mkasi hakuwahi kumkataa mkamwana wake, wala hakuwahi kumkubali. Alimkaribisha, alimlisha, alimuuliza habari za kwao. Habari za kuimba hakuziuliza hata siku moja. Wimbo ukianza redioni, mama alikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uishe. Wifi alikuwa na sauti ya kujaza ukumbi bila kipaza sauti, lakini akiingia kwa mama mkwe alizungumza kama mtu aliyeazima sauti na anaogopa kuiharibu.

Ziliposikika habari za televisheni, mama alimwita mkamwana wake chumba cha kazi, akaivua tepu ya kupimia shingoni, akampima mabega, kifua, kiuno na urefu. Hakusema neno ila "Simama wima." Kwa mtu wa nje, hapo mteja amepimwa. Kwa wanaomjua mama, hiyo ilikuwa hotuba. Kusifu haikuwa desturi yake. Alisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na akaishi hivyohivyo. Mtu aliyempenda alimshonea.

Wifi alitoka, akamshika Mkasi mkono uani.

"Wifi, amenipima!"

"Nimeona."

"Hajawahi kunipima. Hata gauni la harusi nilishonewa kwa fundi mwingine."

"Najua. Na lilikuwa baya."

"Wewe cheka tu. Mimi nikiimba mbele ya watu wote nimevaa gauni la mama, na mama mwenyewe anatazama, basi yameisha. Nitakuwa nimeingia nyumba hii kweli." Akamwachia mkono. "Asipoliona, wifi, sijui nitarudi hapa kwa uso gani."

Gauni likashonwa, likafungwa kwenye karatasi. Mama alikuwa na mwiko wake, kwamba nguo haionwi ikiwa nusu, na Mkasi alipojaribu kuchungulia alichapwa kiganja kama mtoto mdogo. Majirani nao walikuwa wameshaalikwa kuja kulitazama Jumamosi.

Studio ilikuwa chumba kikubwa kisicho na dirisha, chenye taa za kuunguza utosi na pazia refu la bluu ukutani. Pazia lile lilikuwa fahari ya kituo. Waliletewa mashine mpya ambayo popote ilipoiona bluu ile iliifuta na kuweka picha nyingine mahali pake. Mtangazaji wa hali ya hewa alisimama mbele ya pazia, na watu majumbani wakamwona amesimama mbele ya mawingu. Mashine ilitaka bluu hiyohiyo na si nyingine, ndiyo maana pazia lilishonwa kwa oda maalumu. Aliyelishona ni mama yake Mkasi.

Mkasi alikuwa amepanga wifi aimbe mbele ya pazia, na nyuma yake zipite treni na ndondi na wacheza dansi. Fundi mitambo alikaa kwenye mashine yake pembeni, mpiga picha akaweka kamera sawa, na wifi akatoka chumba cha kubadilishia nguo akiwa amevaa.

Lilikuwa gauni zuri, kwa hilo tusibishane. Mabega yalisimama, kiuno kilikaa mahali pake, na marinda yalishuka kwa mpangilio mpaka chini ya magoti. Akigeuka, yalifunguka yote kama mwavuli. Na lilikuwa la bluu. Lilikuwa bluu ileile ya pazia.

Mkasi alimtazama wifi, akalitazama pazia, akamtazama wifi tena, na mambo yote yakampangika kichwani. Kitambaa kinachobaki ni cha fundi, hilo kila fundi analijua na kila mteja analinung'unikia. Mama alibaki na kipande kizuri cha pazia. Na siku aliyolileta kituoni, aliwasikia watu wa studio wakisema mashine yao inaitaka bluu hii tu, rangi nyingine haitaki kuisikia. Mama akaondoka na hesabu yake: kama televisheni inaipenda bluu hii kuliko rangi zote, basi mkamwana wake ataivaa hiyo.

Kabla Mkasi hajafungua mdomo, fundi mitambo akawasha. Kwenye kioo cha televisheni ya studio kikatokea kichwa cha wifi, mikono miwili, na miguu kuanzia chini ya magoti, vyote vinaelea juu ya treni. Katikati hapakuwa na mtu.

"Jamani, wifi yako ameliwa!" mpiga picha alipiga kelele. Fundi mitambo alicheka mpaka akashika meza.

Wifi akasogea kutazama kioo, na kichwa chake kikasogea peke yake. "Gauni langu liko wapi?"

Vicheko vilimleta Bosi. Akatazama kioo, akamtazama wifi, akasema, "Avae lingine. Kabatini kuna jekundu."

"Sivui," wifi alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ile sauti ya ukumbini ilitoka. "Gauni hili nimeshonewa na mama mkwe wangu. Mtanirekodi nalo, au nitarudi nalo nyumbani."

"Basi toeni hilo pazia. Asimame ukutani aimbe kawaida, tumalize."

Na ingekuwa hivyo. Gauni lingeonekana, mama angeliona, majirani wangepiga vigelegele, na Mkasi angepeleka hewani kilekile cha jana na juzi. Wakalishusha pazia. Nyuma yake kulikuwa na ukuta mtupu wa kijivu. Wifi akasimama mbele ya ukuta, na kwa vile fundi mitambo alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko, mashine hakuizima.

Fundi mitambo akasahau kucheka.

Wifi alikuwa amerudi mzima, kichwa, mikono, miguu. Ukuta ulikuwa ukuta. Lakini ndani ya gauni, treni ilikuwa inapita. Iliingilia begani, ikakata kifua, ikatokea kwenye pindo. Alipoguswa na mshangao akageuka, marinda yakafunguka, na mabehewa yakawa mengi zaidi. Kwenye mikunjo, pale mwanga ulipokosa kufika, mashine ilishindwa kuifuta bluu, kwa hiyo kila rinda lilibaki na mstari wake mwembamba wa bluu, kama lilivyopigwa pasi.

"Zima mashine," Bosi alisema.

"Usizime," alisema Mkasi.

Hakuwa amepaza sauti. Alikuwa anamtazama mwanasesere wake, yule wa chini ya meza, amekua mtu mzima na anapumua. Furaha aliyoisikia ilikuwa kubwa mpaka ikamwia vigumu kusimama bila kuruka. Akamsogeza wifi karibu na kioo, kamera ikiwa bado inamwona.

"Wifi, tunarekodi hivi."

"Mama ataona treni!"

"Ataona gauni."

"Gauni halipo, wewe huoni?"

"Tazama vizuri. Bega lipo. Kiuno kipo. Rinda moja moja lipo, unaweza kuyahesabu. Kilichoondoka ni rangi. Nakuahidi mama ataliona gauni lake kuliko mtu yeyote."

"Na ukikosea?"

"Sikosei."

"Sikukuuliza hivyo. Nimekuuliza, ukikosea?"

Mkasi akapunguza mbio. Aliijua hofu ile, na alijua si ya mchezo. "Nikikosea nitasimama mbele ya mama niseme wewe ulikataa, mimi ndiye niliyelazimisha. Anichape mimi."

Wifi alikitazama kioo kwa muda. Akanyanyua mkono, treni ikatokeza kwenye kwapa. Akaushusha, treni ikafichika. Akanyanyua tena. Naye alikuwa msanii, na msanii ukimwonyesha kitu kizuri hawezi kukiacha kwa sababu tu kinatisha. Akaanza kucheka.

"Leo mimi ni stesheni," alisema. "Haya."

"Maji ukiyavulia nguo..."

"Nguo sivui, nimeshasema."

Wakarekodi.

Kazi ya kuunga Mkasi aliifanya kwa raha ya mtu anayejipikia mwenyewe. Ndani ya gauni alitia kila kilichokuwa kimelala kabatini. Bwana wa tangazo la sabuni alitabasamu kifuani. Mabondia walipigana kiunoni. Wacheza dansi walizunguka kwenye marinda. Kiongozi mmoja alikata utepe, halafu Mkasi akairudisha filamu kinyumenyume, utepe ukajiunga, kiongozi akaukata tena kwa furaha ileile. Wimbo wenyewe ulihusu mpenzi aliyeondoka bila kuaga.

Bosi alikaa mbele ya kioo na mikono kifuani.

"Huyu wa sabuni ndiye mpenzi aliyeondoka?"

"Hapana, Bosi."

"Ni mmoja wa mabondia?"

"Hapana."

"Sasa hawa wote wana maana gani?"

"Bosi, ukimwona mwanamke amevaa gauni la maua, huwa unamuuliza maua yana maana gani?"

Bosi akakigeukia kioo. Wimbo ulikuwa unafika ubeti wa mwisho, na kwenye pindo la gauni akatokea kijana mtanashati, amechana nywele upande, anasoma taarifa ya habari. Bosi akajongeza kiti.

"Rudisha."

Mkasi akarudisha.

"Rudisha tena." Bosi alijitazama, kijana wa siku zile, akisoma habari ambazo hakuna anayezikumbuka. "Nilikuwa na nywele."

"Nyingi sana, Bosi."

"Iende hewani," alisema, akatoka bila kugeuka. Mkasi aliamini kabisa kwamba alikwenda kutafuta kioo.

Jambo la mama lilikuwa limebaki. Kabla ya Jumamosi alikwenda nyumbani akamkuta kwenye cherehani. "Mama, lile gauni," alianza, "kuna jambo nataka ulijue mapema."

"Mwenye macho haambiwi tazama," mama alisema, akakanyaga cherehani. Ulikuwa mwisho wa mazungumzo.

Jumamosi jioni chumba cha kazi kilijaa. Televisheni iliwekwa juu ya meza ya kukatia, cherehani ikafunikwa shuka, majirani wakakaa kwenye benchi la wateja na kwenye magunia ya vitambaa. Mama alikaa kwenye kiti chake kilekile cha kazi, tepu shingoni. Wifi alikuja amevaa gauni, akakaa karibu na mlango, na kando yake akakaa kaka yake Mkasi, mtu mpole ambaye maisha yake yote ameishi kati ya wanawake wenye sauti kumshinda. Majirani walishalishika pindo na kukisifu kitambaa chake. Mkasi alisimama nyuma. Ule ujasiri uliomfikisha hapo ulikuwa umeanza kumponyoka, na aliona aibu kuutafuta mbele za watu.

Wimbo ukaanza.

"Huyo, huyo!" jirani mmoja alisema. Kisha, "Mbona amevaa ndondi?"

"Gauni liko wapi? Si ulituambia la bluu?"

"Hapa lipo, pale halipo. Ni uchawi gani huu?"

"Kitambaa kizuri namna ile wamekifuta chote! Pole, mama."

Wifi aliinamisha kichwa. Kaka mtu alimshika kidole. Mkasi akaacha kuitazama televisheni. Akamtazama mama, na kwanza alichokiona ni mguu. Mguu wa mama ulikuwa umetulia sakafuni. Wimbo ule ulikuwa unaimbwa ndani ya chumba kile kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mguu haukutafuta pa kukanyaga. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, yamekunjwa kidogo, kama anavyoyakunja akitia uzi kwenye sindano.

Kiongozi akakata utepe. Utepe ukajiunga. Kijana wa taarifa ya habari akapita kwenye pindo. Wimbo ukaisha, na jirani aliyekuwa na uchungu wa kitambaa akarudia, "Pole, mama. Wamekuharibia."

"Kitambaa ni kazi ya kiwanda," mama alisema. "Mimi nilishona gauni. Na gauni nimeliona."

Akasimama. "Mkwe, njoo hapa."

Wifi alikwenda kama anayekwenda kuhukumiwa. Mkasi alisogea. "Mama, yeye alikataa, mimi ndiye..."

"Wewe nani amekuita?" Mama alimgeuza wifi kwenye mwanga. "Simama wima. Nyanyua mkono wa kushoto. Siyo hivyo. Kama ulivyounyanyua kwenye kiitikio, pale unaposema hakuniaga."

Wifi akanyanyua. Macho yake yalikuwa yamejaa. Neno hilo la wimbo yeye hakuwahi kulisema ndani ya nyumba ile, na leo lilitoka kinywani mwa mama.

Mama alitia kidole begani. "Hapa. Pale kwenye televisheni, marinda yangu yote yalionekana, kila moja na mstari wake. Lakini ukinyanyua mkono, ulitokea mstari mwingine wa bluu hapa begani, na hapa sikuweka rinda. Bega linavuta." Aligeuka kwa majirani kana kwamba wao ndio waliolikata. "Nilimpima amesimama kimya. Mtu anayeimba hasimami kimya. Kosa langu."

Majirani wakasogea kulitazama bega. Kaka mtu aliangalia chini akitabasamu peke yake.

Mama alitoa pini kwenye kifuko chake, akazibana midomoni kama afanyavyo siku zote akianza kazi, akapiga goti moja kwenye kiti ili alifikie bega.

"Wimbo wa pili sitaki lije kuvuta," alisema, maneno yakipita kati ya pini kwa shida. "Imba hapo pa mkono, nione unafika wapi."

"Hapa, mama?"

"Sasa nikupime wapi, barabarani?"

Wifi akamtazama Mkasi, Mkasi akatazama dari. Kisha akaimba, si kwa ile sauti ya kuazima, akaimba kwa sauti yake yote, mpaka vifungo vikatikisika ndani ya kopo lao mezani. Mama aliufuata mkono ulivyopanda, akachomeka pini, akasubiri, akaonyesha kwa kidole kwamba arudie, na wifi akarudia. Majirani waligeuka kutazama uso wa mama, wapate kujua kama ameupenda wimbo. Alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo hata angetaka kumsifu asingeweza.